Siku Mbili za Mafunzo ya Ufilisi wa Watu Binafsi Kampala: Nilicholipia na Nilichopata

Nililipa shilingi 350,000 kuhudhuria mafunzo ya siku mbili yaliyofanyika Kampala kwa ajili ya mawakili wageni katika mashauri ya ufilisi wa watu binafsi, yaani yale ambayo mdaiwa si kampuni bali ni mwalimu, mchuuzi, askari mstaafu au mwenye duka moja aliyezidiwa na madeni. Fedha hizo hazikuhusisha nauli ya kutoka Busia wala malazi ya usiku mbili, na kwa wakili mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na mpaka, gharama nzima ilikaribia kodi ya pango ya mwezi na nusu. Waandaaji sitawataja, kwa sababu nina malalamiko mawili dhidi yao ambayo nimewaandikia na bado nasubiri majibu. Mafunzo ya namna hii hata hivyo hutolewa na zaidi ya mtu mmoja mjini, na ninayoyasema hapa yatamfaa mwenzangu kama kipimo hata akienda kwingine.

Kilichonipeleka ni mteja mmoja. Mama huyu huuza mitumba sokoni, na alikuja ofisini na kavera, yaani mfuko wa plastiki, nyeusi iliyojaa karatasi, akaiweka juu ya meza na kusema, "Wakili, mimi sitaki mambo mengi. Nataka tu wasinifunge." Nilimwuliza anadaiwa kiasi gani, akataja shilingi milioni 38. Nilimwuliza anadaiwa na nani, akataja watu watatu. Niliandika nilichoambiwa, nikamweleza kwamba tutaandaa ombi la yeye kutangazwa muflisi, nikampa tarehe ya kurudi, naye akaondoka akiwa na matumaini kuliko mimi. LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili cha Uganda, tulisomeshwa ufilisi kwa haraka, na karibu wote ulikuwa wa makampuni; tangu nilipotoka huko kazi yangu imekuwa migogoro ya ardhi, talaka na kuwatoa watu polisi kwa dhamana. Sikujua hata nianzie kwenye fomu ipi.

Asubuhi ya kwanza haikunisaidia sana. Mwezeshaji wa kwanza, kijana hodari wa kusema, alitumia zaidi ya saa mbili kueleza usimamizi na uvunjaji wa makampuni, mambo ambayo tangazo la mafunzo lilikuwa limeahidi wazi kwamba hayatakuwamo. Alipofika kwenye mtu binafsi alikwenda mbio, lakini katika mbio hizo kulikuwa na ramani ambayo mgeni anaihitaji, na ni haki nikiri hivyo. Alieleza kwamba Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2022, inampa mdaiwa binafsi milango miwili: kuomba mwenyewe atangazwe muflisi, au kuwapendekezea wadai wake mpango wa malipo chini ya ulinzi wa muda wa mahakama. Mdai naye anao mlango wake, ambao kwa kawaida huanza kwa hati ya madai ya kisheria, yaani barua rasmi ya kumtaka mdaiwa alipe ndani ya muda uliowekwa. Alieleza pia kwamba amri ya ufilisi ikishatolewa, mali ya muflisi huwa mikononi mwa Mfilisi Rasmi, ambaye ofisi yake ipo chini ya URSB, idara ya serikali ya usajili wa makampuni na biashara, kabla ya kufika kwa msimamizi wa mali hiyo, na kwamba shauri la mtu binafsi ambalo thamani yake haizidi shilingi milioni 50 linaweza kusikilizwa na mahakama ya hakimu mkuu, ilhali linalozidi hapo ni la Mahakama Kuu. Hicho kiwango cha milioni 50 nilikiandika pembeni bila kukifikiria. Nilikuja kukikumbuka baadaye.

Kabrasha tuliyopewa ilikuwa nene na nzuri kwa macho, lakini ilikuwa na kasoro ambayo wakili mpya hawezi kuigundua peke yake. Vifungu vyote vilinukuliwa kwa namba za sheria ya mwaka 2011 kama ilivyochapishwa mwanzo, wakati toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 limeipa sheria hiyo sura ya 108 na kubadilisha namba za vifungu vingi. Anayenakili namba za kabrasha ile kwenye ombi lake leo atamlazimu jaji afanye kazi ya kutafuta kilichokusudiwa, na jaji aliyechoka si mtu wa kuanza naye urafiki kwa namna hiyo. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba "mtarekebisha wenyewe". Kwa shilingi 350,000 nilitarajia niwe nimerekebishiwa.

Kasoro ya pili ya kabrasha iligeuka kuwa faida, na nitaieleza kwa utulivu kidogo kwa sababu washiriki wengi waliicheka bila kuisoma. Takriban robo ya kurasa zake ilikuwa imetolewa katika miongozo ya mawakili wa Marekani, nchi ambayo ufilisi wa mtu wa kawaida ni kazi ya kila siku yenye ofisi zinazoishi kwa kazi hiyo tu. Humo mlikuwa na Sura ya 7 ya sheria yao, ambapo mdaiwa husalimisha mali isiyolindwa na kusamehewa madeni mengi, na Sura ya 13, ambapo hulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5. Mlikuwa na kipimo cha kipato kilichoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2005, na sharti la mdaiwa kupata ushauri wa mambo ya fedha ndani ya siku 180 kabla ya kuwasilisha ombi. Hakuna hata kimoja katika hayo chenye nguvu katika mahakama ya Uganda, na kabrasha haikusema hivyo kwa sauti ya kutosha. Mshiriki mmoja aliyeketi nyuma yangu alikuwa tayari ameanza kukokotoa kipato cha mteja wake kwa kipimo cha Wamarekani.

Hata hivyo, ukiondoa sheria yao unabaki na mazoea yao, na mazoea hayo ni bora kuliko yetu. Wakili wa kule huweka sahihi yake kwenye ombi akijua kwamba sahihi hiyo inathibitisha kuwa amefanya uchunguzi wa kutosha juu ya yaliyoandikwa, hivyo hawezi kujificha nyuma ya maneno "mteja ndiye aliyeniambia". Hudai hati za mishahara ya siku 60 zilizopita, taarifa za benki na marejesho ya kodi kabla hajaandika mstari wa kwanza. Tena, katika mashauri ya Sura ya 7, kwa kawaida hupokea ada yake yote kabla ya kuwasilisha ombi, kwa sababu iliyo wazi kwamba ada isiyolipwa siku hiyo nayo inakuwa deni miongoni mwa madeni, na wakili anakuwa mdai wa mteja wake mwenyewe. Jambo hilo la mwisho halikuwa limenijia akilini kamwe, ingawa mama wa mitumba alikuwa ameniahidi kunilipa "mambo yakitulia".

Sasa nifike kwenye kipindi ambacho kwa maoni yangu kilistahili ada nzima, nacho ni mchana wa siku ya kwanza. Mwezeshaji wake alikuwa wakili mzee, puliida wa zamani kama Waganda wanavyosema, ambaye hakuleta slaidi hata moja. Alivua koti, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukumbi, akaweka kavera juu ya mapaja yake na kutangaza kwamba kuanzia wakati huo yeye ni mdaiwa na sisi ni mawakili wake. Akaongeza kwamba atasema Kiswahili, kwa kuwa ukumbini tulikuwamo watu wa Busia, Arua, Kasese na Gulu, na kwa kuwa, kama alivyosema, hakuna mteja aliyewahi kumlilia kwa Kiingereza cha mahakamani. Tulipewa dakika 25 kumhoji na kujaza taarifa yake ya mali na madeni, ile hati ambayo mdaiwa huiapia na ambayo ombi zima husimama juu yake.

"Mzee, unadaiwa na nani?" aliuliza wa kwanza.

"Benki, SACCO, na yule kijana wa riba."

"Kuna mwingine yeyote?"

"Hapana, mwanangu."

Tuliendelea hivyo kwa adabu kubwa. Tulimwuliza kiasi, tukamwuliza riba, tukamwuliza dhamana. Alijibu kila swali kwa ukweli na kwa kipimo chake, bila kuongeza neno. Muda ulipokwisha tulikuwa tumepata wadai watano, nasi tulijiona tumefanya kazi nzuri. Kisha akatoa karatasi kwenye kavera na kutusomea wadai wake wote, na walikuwa tisa.

Wanne waliobaki ndio somo lenyewe. Wa kwanza ulikuwa mkopo ambao alimdhaminia mdogo wake. Hakuutaja kwa sababu, machoni pake, hilo ni deni la mdogo wake. Wa pili ulikuwa mkopo wa simu, wa aina ile ya MoKash na Wewole, ambao hakuuhesabu kwa kuwa haukuwa na karatasi wala mtu wa kumdai uso kwa uso. Wa tatu ilikuwa shule ya watoto, ambako ada za mihula miwili zilikuwa hazijalipwa, na mzazi wa Uganda hasemi kwamba "anadaiwa na" shule bali kwamba "hajamaliza ada". Wa nne ulikuwa mfuko wa kikundi chake cha akiba, ambamo alichukua zamu yake mapema na kuacha kuchanga. Katika mali pia tulipitwa: ng'ombe watatu waliofugwa kwa shemeji, kiwanja cha kijijini kilichoandikwa kwa jina la mtoto mkubwa, na pikipiki aliyompa mpwa wake mwezi uliotangulia, "ili afanye boda, asikae bure".

Pikipiki hiyo ilizua mjadala mrefu, na ilistahili. Mzee alieleza kwamba mteja wa namna hii hajioni kuwa anaficha mali. Anajiona anamsaidia mtoto wa dada yake. Lakini sheria inaruhusu miamala fulani iliyofanywa kabla ya ufilisi kutenguliwa, hasa ile iliyompendelea mdai mmoja au iliyotoa mali kwa bei isiyolingana na thamani yake, na wadai wakiigundua pikipiki hiyo kabla ya wakili kuitaja, kila neno lililobaki katika kiapo huanza kunuka. Ushauri wake ulikuwa kwamba pikipiki iandikwe, itajwe aliyepewa na tarehe aliyopewa, na mteja aambiwe mapema kwamba huenda ikarudishwa. Mteja akikataa iandikwe, wakili asiweke jina lake kwenye ombi hilo.

Kisha akatupa maswali yake mwenyewe, ambayo nimeyabandika ukutani ofisini. Usimwulize mtu, alisema, "unadaiwa na nani", kwa sababu neno deni lina aibu na kila mtu analipunguza. Mwulize: "Ni nani ukimwona njiani unageuza njia?" Mwulize: "Ni simu ya nani huipokei?" Mwulize ni nani amewahi kuja nyumbani akakukuta haupo, na mkeo alimjibu nini. Mwulize ni wapi aliwahi kuweka sahihi kwa ajili ya mtu mwingine. Alisema maswali hayo huchukua muda mfupi kuliko yale ya fomu na huleta wadai wengi zaidi, na alipoyajaribu kwa mshiriki mmoja aliyejitolea, ambaye si muflisi kabisa, tulipata madeni mawili ambayo nadhani mwenyewe hakutaka tuyajue.

Ndani ya kavera yake mlikuwa pia na karatasi iliyoandikwa juu "Mkataba wa Mauzo ya Kibanja", yenye bei ya shilingi milioni 6, sahihi za mashahidi na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Wengi wetu tuliiweka upande wa mali iliyouzwa. Mzee alitikisa kichwa. Alitueleza kilicho kawaida kwa wakopeshaji binafsi wa mitaani, kwamba mkopaji husainishwa mkataba wa mauzo siku anayopokea mkopo ili asipolipa aonekane aliuza, na kwamba wakili asiuite mkataba huo mauzo wala mkopo kabla ya kuuliza fedha zilitolewa namna gani, nani alibaki akiishi pale, na nani alivuna mihogo msimu uliofuata. Aliongeza mambo mawili ya kukagua kila mara palipo na mkopeshaji wa namna hiyo: kama ana leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo na wakopeshaji binafsi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016, na kama riba yake inavuka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi ambacho serikali ilikiweka mwaka 2024. Deni linaloingia kwenye taarifa halipaswi kuingia kwa kiasi anachodai mkopeshaji tu.

Siku ya pili ilianza kwa zoezi la kalenda, fupi lakini kali. Tuliambiwa kwamba hati ya madai ya kisheria imemfikia mdaiwa Jumatano tarehe 28 Mei 2025. Sheria inampa mdaiwa siku 10 za kazi za kuiomba mahakama iitengue, kwa mfano kama kuna ubishi wa kweli juu ya deni lenyewe au naye anamdai mdai wake, na siku 20 za kazi za kuitekeleza kabla ya kuhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa. Ukiondoa Jumamosi na Jumapili peke yake, siku ya 10 inaangukia tarehe 11 Juni, na hilo ndilo jibu la wengi wetu. Lakini tarehe 3 Juni ni Siku ya Mashahidi, tarehe 6 Juni mwaka huo ilikuwa Idi, na tarehe 9 Juni ni Siku ya Mashujaa, kwa hiyo siku ya 10 ni tarehe 16 Juni, na ya 20 ni tarehe 30 Juni wala si 25. Kosa la aina hii likifanywa na wakili wa mdaiwa humharakisha tu. Likifanywa na wakili wa mdai, akawasilisha ombi tarehe 26 akidhani muda umekwisha, ombi hilo limezaliwa kabla ya miezi yake. Mshiriki mmoja Mwislamu alisema kwa upole kwamba yeye Idi hakuisahau, na ukumbi mzima ukacheka.

Baada ya hapo tuliingia katika jambo ambalo kwa wateja wetu wengi ndilo la kwanza, yaani kukamatwa. Uganda bado inaruhusu mdaiwa aliyeshindwa kulipa hukumu ya madai kuwekwa gerezani, na mara nyingi mteja anamkumbuka wakili siku dalali wa mahakama anapokuwa tayari ana hati ya kumkamata mkononi. Mwezeshaji alisisitiza, na nakubaliana naye, kwamba swali la hati ya kukamata linatangulia mengine yote, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama kuna muda wa kuandaa ombi kamili au kama inafaa kwanza kuomba amri ya ulinzi ya muda na kuwaletea wadai mpango wa malipo. Alionya pia kwamba ombi la ufilisi lililoandikwa kama pazia la kumkwepa dalali hujulikana kwa harufu yake: lina wadai wachache, mali chache, na tarehe ya jana.

Katika hatua hiyo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningeweza kumdanganya nalo mteja bila kukusudia. Amri ya ufilisi husimamisha mashauri na utekelezaji dhidi ya muflisi isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama, lakini haimzuii mdai mwenye dhamana kuiuza dhamana yake. Mtu aliyeweka rehani hati ya ardhi benki hapati kinga juu ya ardhi hiyo kwa kutangazwa muflisi. Anachokipata ni nafuu kwa yale madeni mengine. Vifaa vya kazi, nguo na matandiko ya lazima ya nyumbani havichukuliwi, na nyumba ya ndoa ina masharti yake yanayopaswa kusomwa neno kwa neno kabla mke au mume hajaambiwa chochote cha kumtuliza. Kwa dhamana zisizo za ardhi, tulikumbushwa kutafuta kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuwekwa URSB, kwa kuwa cherehani, friji na hata mzigo wa dukani vinaweza kuwa vimeandikishwa humo.

Kuhusu maadili mjadala ulikuwa mfupi kuliko nilivyotaka. Katika mji mdogo wakili yule yule huandika mikataba ya mikopo ya SACCO na kisha kutembelewa na mwanachama aliyeshindwa kulipa, na swali la kama anaweza kumpokea lilijibiwa kwa sentensi mbili: hawezi, na amweleze siku hiyo hiyo. Mshiriki mwingine aliuliza juu ya mteja wake ambaye ni diwani mwenye ndoto ya ubunge. Alijibiwa kwa Ibara ya 80 ya Katiba, inayomzuia mtu aliyetangazwa muflisi na ambaye hajaondolewa hali hiyo kuchaguliwa kuwa mbunge. Sura ya mwuliza swali ilionyesha kwamba mteja wake hajui.

Mambo mengine nayapitia haraka. Ukumbi ulikuwa safi, chakula kilikuwa cha kutosha, na matoke kwa mchuzi wa karanga ya siku ya pili ningeirudia. Umeme ulikatika mara mbili. Kipindi cha kuonyesha namna ya kuwasilisha ombi kupitia ECCMIS, mfumo wa kielektroniki ambao mahakama zilianza kuutumia mwaka 2022, kilikufa kwa sababu intaneti ya ukumbi ilizimika, na mwezeshaji alilazimika kutuchorea ukurasa wa mfumo ubaoni kwa kalamu, jambo ambalo alilifanya vizuri kuliko nilivyotegemea.

Malalamiko yangu mawili ni haya. Saa za mwisho za siku ya pili, zilizopangiwa upande wa mdai, zilitolewa kwa mchuuzi wa programu ya hesabu za ofisi za uwakili, ambaye alitushikilia kwa muda mrefu na kutugawia kalamu. Kwa sababu hiyo hatukufundishwa namna ya kuwasilisha uthibitisho wa deni, wala mpangilio wa madeni ya kipaumbele, mambo ambayo anayemwakilisha mdai anayahitaji kuliko kalamu. La pili ni kwamba cheti na alama za elimu endelevu tuliahidiwa ndani ya siku 14, na ninapoandika haya imepita miezi miwili.

Je, ningewashauri wengine waende? Kwa mwanafunzi wa sheria anayetafuta jumla ya somo, hapana. Ataipata kwa kuisoma sheria yenyewe kwa makini, tena katika toleo jipya. Kwa anayewawakilisha wadai, hapana, mpaka kile kipindi kirudishwe. Kwa wakili ambaye tayari ana jalada moja la mdaiwa mezani na hajui aanzie wapi, ndiyo, hata kama atahudhuria mchana ule mmoja tu na kurudi kwao kwa basi la jioni. Ajiandae kurekebisha namba za vifungu mwenyewe, aende na kalenda yenye sikukuu zote, na aipuuze sheria ya Wamarekani huku akiyachukua mazoea yao.

Niliporudi Busia nilimwita mama wa mitumba kabla ya tarehe niliyompa. Nilifunga daftari, nikamwuliza ni nani akimwona sokoni anageuza njia. Alinyamaza kidogo, akacheka, kisha akaanza kutaja majina, na nilipofungua daftari tena hesabu ilipanda kutoka milioni 38 hadi milioni 61, nyingi yake ikiwa mkopo wa kaka yake ambao aliuwekea sahihi. Ombi ambalo ningelipeleka kwa hakimu mkuu sasa, likipelekwa, ni la Mahakama Kuu. Sijalipeleka bado, kwa sababu SACCO yake imekubali kukaa mezani, na kwa sababu jana jioni alinipigia simu akaniambia, "Wakili, kuna mwingine nimemkumbuka."